Squeeze, mlikuwa wapi siku zote hizi?
Wiki hii masikio yangu yako kwa Squeeze, bendi ya Deptford, London. Mkusanyiko wao wa 1982, Singles – 45's and Under, nimekaa nao kwenye simu miaka sijui mingapi, naupita tu. Jana naosha vyombo, ikaingia "Up the Junction". Nikafunga bomba nisikilize vizuri. Jamaa anasimulia mapenzi, mimba, mtoto, pombe, mpaka mwanamke anaondoka, na wimbo hauna kiitikio hata kimoja! Jina lenyewe linatajwa mwishoni kabisa. Maneno ya Chris Difford, muziki wa Glenn Tilbrook, wote wa Squeeze. 1979 ulifika namba 2 Uingereza. "Tempted", alioimba Paul Carrack, nimeurudia mara sita. Vyombo bado viko palepale na povu lake.