Parafujo moja kabla ya Lisbon

Mimi nimekulia Malindi, ambako mlima mkubwa kuliko yote ni tuta la barabarani. Kwa hiyo nilipotazama ramani nikaona kutoka mji wa Ericeira hadi Lisbon, Ureno, ni kama kilomita 80 kwa njia ya pwani, nilijiambia hiyo ni safari ya siku moja kwa baiskeli na nafasi ya kunywa chai inabaki. Pwani ni pwani. Nani amewahi kusikia pwani ya kupanda na kushuka?

Ya Ureno ndiyo hiyo. Ni jabali refu lililokatwakatwa na mito midogo inayotafuta bahari, na kila mto una bonde lake. Barabara inakuteremsha mpaka chini, unavuka, unaanza kupanda upya. Ukifika juu unatazama bahari dakika mbili, kisha unateremshwa tena. Hata sijatoka vizuri Ericeira, nikashuka Foz do Lizandro kwa kasi ya kutoa machozi, na kasi yote ile nikaja kuilipa ng'ambo ya pili kwa gia ndogo kuliko zote. Mzee mmoja aliyevaa suruali ya kitambaa akanipita. Alinisalimia pia.

Kilichoniokoa ni upepo. Kiangazi kule huvuma upepo mkali wa kutoka kaskazini, wenyewe huuita nortada, nami nilikuwa naelekea kusini. Nilisukumwa kama jahazi la msimu wa kaskazi. Anayefanya safari hii kutoka Lisbon kwenda Ericeira mwezi wa Julai, simwombei mabaya, lakini simwelewi.

Karibu na Azenhas do Mar, kile kijiji cha nyumba nyeupe zilizong'ang'ania ukingo wa jabali, nikaanza kusikia ka-ka-ka-ka nyuma yangu. Keria ilikuwa imelala upande na begi linasugua spoki. Skrubu imedondoka. Baiskeli ilikuwa ya kukodi, na aliyenikodisha aliapa kwamba imekaguliwa yote. Haya.

Nikaisukuma mpaka gereji moja ndogo ya pikipiki. Fundi alikuwa mzee, grisi imempanda mpaka kwenye viwiko. Kiingereza hana, nami Kireno changu kinaishia kwenye obrigada, yaani asante. Akapiga goti, akatia kidole kwenye tundu lililo wazi, akasema: "Falta o parafuso." Yaani skrubu haipo.

Nywele zilinisisimka. Babu yangu alikuwa fundi wa baiskeli, na utotoni kazi yangu ilikuwa kumshikia kopo. "Nipe parafujo," angesema, mkono nyuma, macho hayatoki kwenye kazi. Sisi wajukuu tulimcheka, maana mtaani kila mtu alisema skrubu. Tulidhani neno amelitunga mwenyewe, kama alivyotutungia majina sisi. Kumbe Wareno walituachia neno hili pamoja na meza, bendera na leso. Hata gereza chimbuko lake ni igreja, yaani kanisa, na njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu kila nikiona kibao kinachonielekeza kwenye igreja ya kijiji.

"Parafujo!" nikamwambia mzee.

Akanitazama. "Para-fu-so," akanisahihisha taratibu, kama mtoto.

"Parafujo," nikashikilia.

Akacheka mpaka akakohoa. Akamwaga kopo zima la skrubu juu ya gazeti (nao wanaziweka kwenye kopo!), akazipekua kwa kidole kimoja. Ya kwanza ilikuwa nene. Ya pili ikaingia. Akaizungusha kwa vidole hadi ikagoma, ndipo akachukua bisibisi. Kisha akabonyeza tairi la nyuma, akatikisa kichwa, akaonyesha ukutani: "Bomba." Ilikuwa bomba kweli, la kujazia upepo. Sasa tukawa tumeingia kwenye mchezo. Akalizungusha gurudumu: "Roda." Kwetu roda ni kile kigurudumu cha kupandishia tanga, lakini sikuwa na maneno ya kumweleza, nikavuta kamba hewani tu. Sijui alielewa nini. Alinitoza euro 2, na skrubu moja ya akiba akanitilia mfukoni.

Cabo da Roca nilipita. Ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, jabali la mita 140 hivi juu ya maji, na siku ile ilikuwa ukungu na mabasi ya watalii. Raha ilikuwa mbele yake: mteremko mrefu mpaka Guincho, ambako upepo unamwaga mchanga barabarani, halafu njia ya baiskeli iliyotambarare, bahari mkono wa kulia, mpaka Cascais.

Baada ya Cascais raha ikaisha. Barabara ya Marginal, ile ya kando ya maji mpaka Lisbon, ni nzuri kwa mwenye gari. Tangu 2014 sheria ya Ureno inamtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli. Siku ile niliikumbuka mimi zaidi ya madereva. Pembeni yangu treni za Lisbon zilikuwa zinapita, na baiskeli unapanda nayo. Kiburi kikanizuia. Mwenye akili apande treni.

Kuanzia Algés unapita kando ya mto Tagus na roho inatulia. Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto huo, ndipo alipong'oa nanga Vasco da Gama mwaka 1497. Mwaka uliofuata alikuwa Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Kaburi lake liko ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya watawa ya Jerónimos. Sikwenda kumwamkia. Nilikwenda kwenye ramani kubwa ya dunia iliyochorwa kwa marumaru chini ya mnara wa 1960 wa kuwakumbuka mabaharia wa Kireno, nikatafuta Afrika Mashariki, nikasimamisha baiskeli juu ya kwetu, nikapiga picha.

Nikapita chini ya Daraja la 25 Aprili, linalovuma kama mzinga wa nyuki kwa sababu magari yanapita juu ya vyuma vyenye matundu. Cais do Sodré, katikati ya jiji, mita chache kabla ya kushuka, tairi la mbele likaingia kwenye reli ya tramu. Reli unaivuka kwa kuikata, si kwa kuifuata. Nilijua. Nilianguka mbele ya foleni nzima ya basi.

Nilikaa ukingoni nafuta goti, nikamtumia mjomba ile picha. Yeye ndiye aliyerithi kopo la babu. Sikuwa nimemwandikia neno lolote. Jibu likaja kabla sijasimama: "Hilo parafujo la kulia si saizi yake."