Kutoka Mokowe hadi Kiwayu

Tuling'oa nanga Mokowe, Lamu, maji yakijaa, kwa sababu mlango wa Mkanda haupitiki bamvua ikishakupwa. Kijana alisimama omoni na upondo, akipima kina na kumwitia nahodha: pima moja, pima moja na nusu. Mikoko ilitubana huku na huku.

Tulipokwisha ipita Manda, nahodha, mzee wa Faza, akaniuliza, "Mwanangu, wewe wasoma mawe. Huko kilindini kuna nini?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia kuna sehemu za bahari kuu, mita 4,000 hadi 6,000 kwenda chini, ambako madonge meusi kama viazi mbatata yametapakaa juu ya tope. Kila donge huanza na kitu kidogo: jino la papa, kipande cha kombe, kijiwe. Madini ya manganizi na chuma yaliyoyeyuka majini huganda juu yake, utando baada ya utando. Mengine hunyonya madini kutoka maji yaliyomo ndani ya tope. Kwa miaka milioni, donge huongezeka milimita chache tu.

"Miaka milioni?"

"Milioni, ami."

Meli ya utafiti ya Waingereza, Challenger, iliyazoa madonge haya katika safari yake ya 1872 hadi 1876. Leo yanatakwa kwa manganizi, nikeli, shaba na kobalti, vitu vya chuma cha pua na betri. Eneo la Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Meksiko, linakadiriwa kuwa na tani bilioni 21. Katika Bahari ya Hindi yetu hii, India imepewa haki ya kutafiti kilomita za mraba 75,000.

Utajiri huo ni wa kweli, lakini mimi unanitia hofu. Mwaka 1989 watafiti wa Kijerumani waliikwangua sakafu ya bahari mbali na pwani ya Peru, wakajaribu itakuwaje. Mwaka 2015 mifereji waliyoiacha ilikuwa ingali pale. Na wanyama wanaoshika juu ya madonge hawana pengine pa kushika.

"Mwenyewe ni nani?" akauliza nahodha.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema madini ya kilindini, nje ya mipaka ya nchi, ni urithi wa binadamu wote. Vibali hutolewa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoko Kingston, Jamaica, na Kenya ni mwanachama.

"Basi na sisi tumo."

Tumo. Nami nataka wajumbe wetu, kabla hawajaenda Kingston kuinua mkono, waje kwanza Faza, Kizingitini na Kiwayu wawasikilize wavuvi.