Kugawa kisichotosha: siku yangu moja kwenye chumba cha seva

Chuoni kwetu hapa Dar es Salaam wananiita "mtu wa IT". Printa ikikwama naitwa mimi, mtu akisahau nenosiri naitwa mimi, na hata kiyoyozi cha ukumbi kikigoma nimeshaitwa. Ukiniuliza mwenyewe kazi yangu ni nini, nitakwambia nagawa. Mtandao mmoja, seva chache, watu maelfu, na kila mmoja anaamini haraka yake ndiyo haraka. Siku nitakayowasimulia ni ya usajili wa kozi, maana siku hiyo kila kitu kinagombewa kwa mpigo.

Saa 1:15 asubuhi

Nafika mapema kabla watu hawajajaa. Naangalia kama nakala za akiba za jana zimefika salama. Tunazituma nje ya chuo usiku wa manane, wakati mtandao umelala, kwa sababu mchana faili kubwa kama zile zingewakaba wengine wote. Zimefika. Chai.

Saa 2:10

Simu kutoka maktaba. "Mwanangu, waifai imekufa, wanafunzi wananitolea macho mimi kama ndiye niliyeikata."

"Shikamoo mama. Simu zao zinasema nini?"

"Marahaba. Zinasema zinatafuta anwani ya IP. Zinatafuta tu, hazipati."

Nimeshajua. Anwani hiyo ni namba ambayo kila kifaa hupewa ili kitambulike mtandaoni. Mtandao wa wanafunzi una anwani 1,022 za kugawa, na mashine inayozigawa ilikuwa inamkodisha kila mtu kwa saa 24. Sasa mwanafunzi anapita nje ya maktaba kwenda kantini, simu iko mfukoni, inajiunga yenyewe, inapewa anwani na kukaa nayo mpaka kesho hata kama mwenyewe yuko Mbagala. Kwa siku ya kawaida tunapona. Siku ya usajili kila mtu amekuja na simu na kompyuta mpakato, wengine na simu mbili.

Kuongeza anwani naweza, hizi za ndani ni za bure. Ila mtandao ukipanuliwa ovyo una kelele zake: kuna matangazo ambayo kila kifaa hutuma kwa vifaa vyote, na vifaa vikizidi, hewa ya waifai inajaa makelele hayo kabla mtu hajafungua hata ukurasa mmoja. Nikapunguza muda wa kukodi uwe saa moja. Kifaa kilichopo huomba kuongezewa muda kikifika nusu yake, kwa hiyo aliyekaa maktaba hahisi chochote. Aliyeondoka, anwani yake inarudi kapuni. Waliokwishachukua za saa 24 na kuondoka, nikawafuta kwa mkono. Mpaka saa 3 mama wa maktaba alikuwa amepata amani.

Saa 4:00

Usajili unafunguliwa na grafu inasimama wima. Mfumo wetu unatumia MySQL, programu ya hifadhidata inayotunza orodha za kozi na wanafunzi, ambayo ukiiacha ilivyokuja inakubali miunganisho 151 kwa wakati mmoja. Inayozidi hapo inapewa ujumbe wa kosa. Kwenye kila kikao kuna mtu anayesema ongezeni iwe 1,000. Inasikika kama ukarimu, kumbe ni kuwanyonga wote. Kila muunganisho unakula kumbukumbu yake, na seva ina viini 8 tu vya kuchakata. Kazi 1,000 zikiamka pamoja, prosesa inashinda ikiruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na hakuna anayemaliza.

Kule Kigamboni geti la kivuko hufungwa wakishaingia wanaotosha, wengine wanasubiri bandani, na hakuna anayeshangaa. Nami nimeweka geti: maombi yote yanapokelewa mlangoni, ila wanaoingia kwenye hifadhidata kwa wakati mmoja ni 40. Ombi moja linachukua sehemu ndogo ya sekunde, basi foleni inatembea. Mwanafunzi anaona ukurasa unazunguka sekunde tatu nne, kisha unafunguka. Tulipokuwa tunaruhusu wote, ulizunguka mpaka akakata tamaa, akabonyeza tena, na foleni ikawa ndefu maradufu.

Saa 4:20 dada anayeandika programu ananiita. "Kaka, njoo uone maajabu." Kozi ya maabara ina nafasi 60. Waliosajiliwa ni 61.

Tukafungua logi, daftari ambalo mfumo huandikia kila tukio. Inaandika saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo 07:03 pale ni 10:03, yaani saa 4:03 kwetu. Wanafunzi wawili, sekunde ileile, wamepishana kwa milisekunde chache. Ombi la kwanza likasoma: imebaki nafasi 1. Kabla halijaandika lolote, la pili nalo likasoma: imebaki 1. La kwanza likapunguza, likaandika 0. La pili nalo likapunguza ile 1 iliyokuwa mkononi mwake, likaandika 0. Hakuna aliyedanganya. Hifadhidata inaonyesha 0, hesabu imekaa vizuri, na mtu wa 61 yumo ndani.

Dawa ni kufuli: anayesoma idadi ya nafasi ili aipunguze, aufunge mstari wa kozi ile kwenye hifadhidata mpaka amalize kuandika, mwingine asubiri. Lakini kufuli nazo zina fitina zao. Mwanafunzi mmoja anachukua Takwimu kwanza kisha Fizikia, mwenzake Fizikia kwanza kisha Takwimu. Kila mmoja anashika kufuli moja na kusubiri ya mwenzake, na wanaweza kusubiriana hadi Kiama. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, aliwapa wanafunzi wake swali la namna hii kwenye mtihani mwaka 1965, wakati huo likihusu kompyuta zinazogombea mashine za tepu. MySQL inaweza kugundua mkwamo huo na kumfukuza mmoja, ila aliyefukuzwa anaona kosa jekundu kwenye skrini na anakuja mlangoni kwangu. Dada akapanga kila ombi lifunge kozi kwa mpangilio wa namba zake, ndogo kwanza, hata mwanafunzi akizichagua kinyume. Tukaijaribu kwenye seva ya majaribio, na kabla ya adhuhuri ilikuwa kazini. Yule wa 61 mkuu wa idara kasema aachwe, kiti kitatafutwa.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage. Watatu wamenifuata mezani na kompyuta zao zikiwa wazi.

Saa 8:00

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Kijana, kazi yangu imekufa tena."

Tuna seva moja ya mahesabu makubwa ambayo watafiti wote wanaitumia, yenye kumbukumbu ya GB 64. Linux, mfumo unaoiendesha seva ile, ina tabia moja: kumbukumbu ikiisha kabisa, inachagua programu na kuiua ili mashine nzima isianguke. Kwa kawaida humlenga mlaji mkubwa, na leo aliyekuwa mkubwa kwa nukta ile ni Daktari, ingawa aliyemaliza kumbukumbu ni kundi la wanafunzi wa uzamili waliowasha kazi ndogondogo nyingi. Kwa jicho la mashine ni haki. Kwa jicho la Daktari si haki hata kidogo, na mimi nakubaliana naye.

Nimemwekea kila mtumiaji ukomo wa kumbukumbu, ili akizidisha, zife kazi zake mwenyewe. Daktari nimempa GB 24, nikamwomba aiwekee programu yake utaratibu wa kuhifadhi ilipofikia kila baada ya dakika 15. Alinung'unika kwamba inapunguza kasi, lakini akaweka.

Saa 9:35

Umeme umekatika. Jenereta lina mafuta au halina? Hilo ni swali la ofisi nyingine, na jibu linachukua muda. Betri zetu zikibeba kila kitu zinadumu kama dakika 20. Kwa hiyo nazo zinagawiwa: tunazima kwanza hifadhi ya video za mihadhara, kisha seva ya majaribio, kisha ya mahesabu. Hifadhidata ya usajili na swichi kuu ya mtandao ni za mwisho kabisa. Ukizima mapema vya pembeni, zile dakika 20 zinakuwa karibu saa nzima kwa vilivyobaki.

Nilipiga simu kwa Daktari kabla ya kuzima. "Ilihifadhi saa ngapi?" Akaangalia. Saa 9:30. Amepoteza dakika tano. Hakusema asante, ila hakunifuata ofisini pia.

Saa 3:00 usiku

Niko nyumbani, ujumbe unaingia kutoka kwa mwakilishi wa hosteli: "Kaka, kuna mtu anashusha gemu, mechi inakatakata."

Anayeshusha gemu hana kosa. Ruta inagawa kwa usawa: watu wakiwa wengi, kila mmoja anapata fungu lake, na mwenye faili kubwa hawezi kula la jirani. Bila mpango, kila mtu akisukuma kwa nguvu zake, mtandao unaweza kuzama kabisa. Oktoba 1986 huko Marekani, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho karibu yake, umbali usiofika nusu kilomita, kasi ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, mtafiti wa maabara ile, alikaa na tatizo lile, na ndipo kompyuta zikafundishwa kupunguza mwendo zinapoona vifurushi vya data vinapotea.

Tatizo la leo ni hesabu tu. Video ya HD inataka kama megabiti 5 kwa sekunde (Mbps 5). Watu 300 wanatazama mechi ileile, kila mmoja kwenye simu yake kitandani: Mbps 1,500. Chuo kina 200.

Nikamwandikia: fungueni projekta bwaloni, mechi ishushwe na mashine moja tu, wote mtazame. Amejibu kwamba wamekubali, ila wanauliza kama naweza kuwaletea na spika.