Nauli ya Maji ya Mtoni

Konda alinitoza nauli mbili, yangu na ya deli. Nilimwambia deli halina miguu. Akanijibu kwamba miguu halina lakini limekaa, na katika gari yake kinacholipiwa ni kukaa. Abiria wakacheka, nami nikalipa, maana ndani ya deli lile mlikuwa na chupa nane za maji ya mto zimelala juu ya barafu, na hazikutakiwa kuzidi saa sita njiani kabla ya kufika maabara. Ukichelewa, bakteria waliomo huongezeka au hufa, na unachokwenda kupima hapo si mto tena bali ni uzembe wako.

Nilikuwa nimevuka kutoka Dar es Salaam siku mbili nyuma. Juu ya boti sina la kusema ila nauli: zaidi ya elfu thelathini kwa mwendo wa saa mbili, na kiti kinachotazama mlango wa choo. Wanafunzi wa chuo kimoja cha Unguja walitualika sisi tunaosoma uhandisi wa mazingira tukapime nao kijito cha Mtoni, tukizoe taka pamoja na wenyeji, kisha tupande miti ukingoni. Siku ya kwanza yote tulizoa taka. Pampasi, kandambili za mguu mmoja, vipande vya nyavu, pampasi tena. Yatosha hayo.

Kijito chenyewe si kikubwa. Mahali pengine mtu mwenye miguu mirefu anakiruka. Lakini kasri la Sultani Seyyid Said pale lilichukua jina kwake, na binti yake Sayyida Salme aliyezaliwa humo mwaka 1844 ameeleza namna ua wake ulivyokuwa na tausi na paa wakizurura. Leo kasri ni magofu, na nyumba za watu zimeteremka hadi kingoni na makaro yake.

Asubuhi ya pili tulichota saa kumi na mbili, kwa sababu wenzetu walikuwa na kipindi saa tatu. Vituo vinne, chupa mbili kila kituo, kuanzia juu karibu na chemchemi hadi mdomoni. Kipima chumvi kilikwenda vizuri vituo viwili vya juu, kisha kikapanda kama kimepagawa. Tukakilaumu. Tukabadilisha betri. Tukakifuta kwa shati langu, kikapanda zaidi. Mmoja wetu akasema ni cha Kichina, na sote tukaridhika na maelezo hayo.

Gari ya chuo ikagoma kuwaka. Mimi, kwa kuwa ni mgeni na sina kipindi, nikakabidhiwa deli nipande daladala ya 502 hadi Darajani, ambako mtu wa maabara angenipokea.

Tulipofika Kinazini, mama mmoja mwenye watoto wawili na kapu la ndizi alitaka kushuka. Nimekaa mlangoni, na adabu za nyumbani zinanijua: nikashuka kumpisha, nikampokea kapu, nikampokea na mtoto. Nageuka, gari imeondoka. Deli langu limekaa kwenye kiti kilicholipiwa.

Nilikimbia. Nilipiga kelele "Oya! Deli!" mpaka watu dukani wakatoka kuangalia. Kijana wa bodaboda akanisogelea kwa upole wa mtu anayeona riziki, akataka elfu tano kwa mwendo ambao siku nyingine ningeutembea huku nikipiga mluzi. Tukapatana elfu nne. Njia nzima nilikuwa nahesabu saa: tumechota saa kumi na mbili na nusu, sasa ni saa mbili na robo, bado nina muda, bado nina muda.

Darajani gari yenyewe ilikuwa imeshapakia upya na kuondoka. Konda, mungu ambariki pamoja na nauli zake mbili, alikuwa ameliacha deli kwa mzee anayeuza juisi ya miwa. Nilimwona mzee kabla sijaliona deli. Alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, na mbele yake chupa zangu nane zimepangwa juu ya gunia, zinang'aa, midomo chini, zinajichuja.

"Shikamoo, mzee. Hizo chupa..."

"Marahaba, mwanangu. Zako hizi? Wallahi zilikuwa na maji machafu, yana majani ndani. Nimemwaga, nimekusafishia kwa sabuni."

Sikuweza hata kukasirika. Alikuwa amefunga barafu yangu vizuri ili isiyeyuke, na kwa kuwa nafasi ilikuwapo alipoza humo chupa zake mbili za juisi. Moja akanifungulia. Nilikijua vizuri kilichokuwa kimelala juu ya barafu ile. Nikafuta mdomo wa chupa mara tatu, nikanywa.

Nilipomweleza kwamba yale yalikuwa maji ya utafiti, alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaniuliza: "Umeshuka Darajani. Daraja umeliona?" Nilikuwa nimeshashuka pale mara nne bila kujiuliza. Akanionyesha barabara kubwa inayopita na magari yake, akasema pale palikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa na kupwa, mji wa mawe upande huu na kule ng'ambo yake ndiyo hiyo Ng'ambo hadi leo. Baba yake alivuka darajani. Ukafukiwa kidogo kidogo, na viwanja vya Mnazi Mmoja navyo ni sehemu iliyofukiwa. "Hapo ulipo," akasema, "ungelowa."

Mimi ni mtoto wa Kigogo, Dar es Salaam, nimekulia na mto Msimbazi nyuma ya nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa jirani zetu, wakapelekwa Mabwepande, na rafiki yangu wa kucheza naye gololi sijamwona tena. Kila masika Jangwani inafungwa, na kila masika utasikia mtu kwenye daladala akisema mto ule ufukiwe tu, uishe. Nami nimewahi kuitikia. Sasa nilikuwa nimesimama juu ya maji yaliyofukiwa, nakunywa juisi, na nilichokuwa nakiwaza ni wapi ningecheza gololi kama wangetufukia.

Nilirudi Mtoni na chupa safi na aibu. Wenzangu wakanyamaza. Aliyecheka ni bibi mmoja aliyekuwa akifua kijitoni, ambaye asubuhi alitutazama tukibadilisha betri bila kusema neno.

"Amekuokoeni mzee huyo," alisema. "Nyie mlichota bahari."

"Vipi, bibi?"

"Mwezi mpevu huu, wajukuu zangu. Bamvua. Alfajiri maji yamepanda mpaka kwenye mwembe ule. Kipimo chenu kizima, nyie ndio wagonjwa."

Wahandisi watarajiwa sita, wawili kati yao wamezaliwa Unguja, na bahari inayopanda hadi mita nne hivi mbele ya macho yetu. Mbona hakutuambia asubuhi? Akasema hakuulizwa. Akaongeza, huku akikamua kanga, kwamba kila mwaka wanakuja vijana na vichupa, wanachota, wanapiga picha, na majibu hakuna aliyewahi kumletea. Hilo lilituuma kuliko bamvua.

Kesho yake tulichota saa tano, maji yamekupwa, yeye akiwa mbele na kanga imefungwa kiunoni. Alihamisha kituo chetu cha tatu hatua kama ishirini juu, akatuonyesha nyuma ya majani bomba la karo linalomwagikia mtoni, ambalo tuliliruka siku mbili mfululizo. Na miche ya mchu, aina ya mikoko, tuliyoipanda mbali na mdomo aliing'oa mwenyewe akaipeleka chini, inakofikiwa na maji chumvi. Deli nililibeba mapajani hadi Darajani. Konda alinitoza moja.

Majibu yalitoka siku niliyokuwa niondoke. Niliyachapisha, nikapitia Mtoni na begi langu, nikamkuta bibi palepale. Hakutaka kusomewa yote.

"Hapa ninapofulia?"

Nikamsomea: ni kituo cha tatu, chini ya bomba, ndicho kibaya kuliko vyote. Akatazama maji kitambo. Kisha akainuka, akajitwika beseni la nguo, akaniambia nimshikie ndoo, tukapanda na kijito hadi tukalipita bomba. Boti ya saa sita na nusu iliniacha.