Kapu la sufi: maharage yanaiva, moto umezimwa

Mradi wangu ni kapu moja kubwa la ukindu, sufi ya mito ya zamani na sufuria ya alumini ya lita tano: sufuria ikishachemka naitoa motoni, naifunika kapuni, na chakula kinamalizia kuiva humo kwa joto lake chenyewe. Nataka kupunguza mkaa unaoingia nyumbani kwetu Kimara, Dar es Salaam, bila kupunguza maharage. Naandika hapa ulipofikia, ili anayetaka kujaribu asianzie sifuri.

Wazo lenyewe si langu. Waingereza walipikia kwenye masanduku yaliyojazwa nyasi kavu wakati wa vita, nishati ilipokuwa haba, na Kenya vikundi vya akina mama vimekuwa vikishona makapu ya namna hii kwa miaka. Sufuria ikishachemka, kazi kubwa ya moto imekwisha. Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na hata ukiongeza mkaa mpaka jiko liwe jekundu hayapandi zaidi ya hapo. Yanageuka mvuke na kutoka. Kwa hiyo zile saa mbili tunazoyaacha maharage motoni, moto unafidia tu joto linalotoroka pembeni mwa sufuria na juu ya mfuniko. Ukilizuia lisitoroke, huna cha kufidia.

Kujaza kapu

Nilijaribu vijazio vitatu. Maranda ya kwa seremala hayana gharama na yanashika joto vizuri, ila yananyonya mvuke, na yakishalowa huchukua siku kukauka. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hayalowi haraka, lakini ni magumu, yanaacha mianya, na hewa ikishaanza kuzunguka humo joto linaondoka nayo. Sufi ilishinda. Nyuzi zake zina uwazi ndani, zimejaa hewa iliyotulia, na zina nta inayofanya maji yateleze. Wazee wa pwani walioijazia mito na magodoro walijua walichokuwa wakifanya.

Nilishona mfuko wa khanga kuukuu, nikaujaza sufi na kuukunja ndani ya kapu hadi ukazunguka sufuria kwa unene wa kama sentimita kumi. Chini pana ngata ya nguo nene, kwa sababu sufuria ikitoka jikoni ina masizi na kitako chake ni cha moto kweli. Juu unakaa mto mwingine wa sufi, mpana kuliko mdomo wa kapu, uzibe kila upenyo. Juu ndipo joto linapopotea zaidi. Mto mwembamba hapo unaharibu kazi yote ya pembeni. Sufuria zetu zisizo na mikono zinafaa mno, maana hakuna kinachozuia sufi kugusana na bati.

Vipimo

Nilinunua kipimajoto cha chakula Kariakoo. Sufuria iliyojaa maji yanayochemka, ikafunikwa kapuni saa moja asubuhi, ilikuwa bado juu ya nyuzi 75 saa tano. Sufuria ileile ikiwa nusu ilipoa haraka zaidi, kwa sababu chakula kichache hubeba joto kidogo na nafasi tupu ya juu nayo inalinyonya. Tangu hapo napika sufuria iliyojaa, au natumia sufuria ndogo zaidi na kuongeza sufi.

Wali ndio rahisi kuliko vyote. Maji ya kipimo, chumvi, mafuta, uchemke dakika tano hivi, kisha kapuni kwa saa moja. Hauungui, na ukoko haupo kabisa. Watoto wanaulalamikia ukoko wao, na hilo nalichukulia kama malalamiko halali, basi Jumapili wali unapikwa kwa palio la mkaa kama kawaida.

Maharage yanataka uangalifu, na hapa naomba msomaji asikimbie. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huharibiwa na mchemko wenyewe. Joto la wastani haliimalizi. Kwa hiyo nayaloweka usiku kucha, namwaga maji yale, naweka mapya, nayachemsha kwa nguvu dakika kumi na tano bila kupunguza moto, ndipo yanaingia kapuni. Na chakula chochote kisiachwe humo kikashuka chini ya nyuzi 60, kwani hapo bakteria huanza kuzaana. Kabla ya kuunga nayachemsha tena.

Makande bado yananishinda nusu. Maharage yanaiva, mahindi yanabaki magumu, hata yakiwa yamekobolewa. Nikiyarudisha motoni mara moja katikati na kuyafunika tena, yanakuwa laini. Ugali na chapati si kazi ya kapu, havihitaji maelezo.

Mkaa

Zamani sado moja ya mkaa haikumaliza wiki kwetu. Sasa inavuka wiki na kuendelea, na masika, mkaa unapopanda bei kwa sababu magari hayafiki porini, tofauti inaonekana kwenye pochi.

Kinachonigusa zaidi ya pochi ni maji. Bomba letu linategemea Mto Ruvu, na Ruvu huanzia milima ya Uluguru. Mkaa wa jiji nao unatoka kwenye misitu ya Pwani na Morogoro, mkoa wenye milima hiyohiyo. Tanuri la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo kila kopo ninaloliacha sokoni ni mti mzito kuliko linavyoonekana. Mti ukiondoka kwenye mteremko, mvua hukimbia na udongo badala ya kuzama, mto unafurika masika na kukauka kiangazi. Sisi tulio mwisho wa bomba tunapanga ndoo.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila kapu halishindani na gesi wala umeme, linavisaidia. Jirani yangu anayepikia gesi alichukua kipimo cha kapu langu, akashona lake, na mtungi wake mdogo sasa unadumu zaidi. Anayepikia kwa umeme naye ataona uniti za LUKU zikishuka polepole, kwa sababu plagi inachomolewa mara chakula kikishachemka vizuri.

Mambo mengine ya nyumbani nimeyapitia haraka: taa zote ni za LED, nguo zinapigwa pasi mara moja kwa wiki kwa mkupuo, na mpira wa mlango wa friji uliokuwa umelegea umebadilishwa.

Kinachofuata

Makongoro. Yana mafuta mengi, na mafuta yakitanda juu yanapunguza mvuke, hivyo natarajia joto litadumu kuliko la maharage. Nitapima kila saa. Pia natafuta sufi zaidi. Misufi ya huku mtaani imebaki michache, na vitumba vyake hupasuka kiangazi. Mwenye mti na asiyeutumia, naomba anikumbuke kabla upepo haujaipeperusha.