Barcelona, Nikimtafuta Kijana wa Sukari

Safari hii ilianzia sebuleni kwetu Mombasa, usiku nilipoitazama La sombra de la ley, filamu ya Kihispania ya 2018 iliyoongozwa na Dani de la Torre. Ni Barcelona ya 1921. Silaha zimeibwa kwenye treni ya jeshi, na askari kanzu mmoja, Aníbal Uriarte, anayeigizwa na Luis Tosar, anatumwa kuja kusaidia upelelezi. Anachokikuta ni polisi wanaokula sahani moja na majambazi, na wafanyakazi wanaozozana wao kwa wao: tuendelee kugoma, au tushike bunduki?

Risasi za filamu ile ni nyingi, lakini mimi nilibaki na yule kiongozi wa wafanyakazi anayekataa bunduki. Alinikumbusha mtu wa kweli niliyewahi kumsoma, Salvador Seguí, mpaka rangi wa nyumba aliyekuwa msemaji mkuu wa chama cha wafanyakazi cha CNT. Watu walimwita Noi del Sucre, yaani Kijana wa Sukari, kwa sababu alipenda kutafuna vidonge vya sukari vilivyoletwa na kahawa. Mimi ni mjukuu wa kuli wa bandarini. Babu alikuwemo kwenye mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, na nyumbani kwetu jina la Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi aliyekamatwa mwaka huohuo na kuwekwa kizuizini Baringo, lilitajwa kama la ndugu. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Uhispania mwezi Machi, sikuwa na haja ya kuuliza niende wapi.

Nilishukia Madrid, na asubuhi ya kwanza nikaenda Puerta de Alcalá, lango kubwa la mawe lililobaki peke yake katikati ya magari. Hapo, jioni ya 8 Machi 1921, Waziri Mkuu Eduardo Dato alikuwa akirudi nyumbani kutoka Seneti. Wanaharakati watatu kutoka Catalonia waliifuata gari yake kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakaimiminia risasi, wakamuua. Walisema wanalipiza yanayotendeka Barcelona. Nilizunguka lango lile mara mbili, kisha nikaenda Atocha kupanda treni, maana jibu lenyewe lilikuwa huko mbele.

Treni ya kasi inachukua chini ya saa tatu. Nje ni uwanda mkavu, rangi ya ngozi ya mbuzi, kilomita baada ya kilomita. Stesheni ya Sants nilipokewa na binti wa shangazi yangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko. Alinikumbatia, akaniangalia viatu. "Kaka, hivi havitakufaa, kesho ni mvua." Na kweli ilinyesha.

Tulianzia barabara ya Paral·lel, kwenye dohani tatu. Zimesimama sambamba, kila moja kama mita 72, za matofali mekundu, na ukisogea karibu unaona pete za chuma zilizozifunga kiuno hadi juu. Hiki kilikuwa kituo cha umeme cha kampuni ambayo watu waliiita La Canadenca, ya Kanada, kwa kuwa mtaji wake ulitoka huko. Februari 1919 makarani wanane wa ofisini walifukuzwa kazi baada ya kulalamikia kukatwa mshahara. Wanane tu. Wenzao wakaweka kalamu chini, mafundi wa umeme wakafuata, kisha wa gesi, wa maji, wa tramu. Mji ukaingia giza na viwanda vikasimama. Serikali ikawaita wagomaji jeshini ili wakikataa kazi wahesabiwe waasi. Walikataa, na maelfu wakafungiwa katika ngome ya Montjuïc, ile inayoonekana juu ya kilima. Hata wachapaji wa magazeti walikataa kuchapa neno lolote la kuuchafua mgomo. Siku 44!

Binti wa shangazi alikuwa ameshika mwavuli, ananisikiliza. "Mimi napita hapa kila Jumanne," akasema, "nikadhani ni kiwanda cha matofali."

Jinsi mgomo ulivyoisha, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotupeleka Las Arenas, Plaça d'Espanya. Leo ni jengo la maduka, ngazi za umeme na harufu ya manukato, lakini ukuta wa nje wa duara umebaki uleule wa uwanja wa mchezo wa ng'ombe. (Wapemba mtaelewa, ingawa huku ng'ombe alikuwa harudi zizini.) Tarehe 19 Machi 1919 watu zaidi ya 20,000 walijaa humo wakiwa na hasira. Makubaliano yalikuwa yamepatikana, lakini wengi walitaka kuendelea hadi wafungwa wote waachiwe. Seguí akapanda kusema. Aliwaambia kama wanataka wafungwa, basi twendeni Montjuïc tukawachukue, na akawafanya wenyewe wapime hiyo maana yake ni nini na damu ya nani. Wakakubali kurudi kazini. Wiki mbili baadaye serikali ilitia sahihi amri ya kazi ya saa nane kwa siku, nchi nzima. Nilisimama kwenye paa la jengo lile, mvua inanipiga usoni, nikifikiria ilivyo kazi ngumu kuliko kufyatua bastola: kuutuliza umati uliokupenda kwa sababu ya ukali wako.

Amani haikukaa. Wafungwa wengine hawakuachiwa, mgomo ukarudi, waajiri wakafunga viwanda. Novemba 1920 Jenerali Severiano Martínez Anido akawa gavana, na Miguel Arlegui mkuu wake wa polisi. Wakati wao ndipo ilipoenea ile iliyoitwa ley de fugas, sheria ya watorokaji: mfungwa anatolewa usiku, anaambiwa nenda zako, anapigwa risasi ya mgongo, kisha ripoti inaandikwa kuwa alijaribu kukimbia. Filamu inalipitia jambo hili kwa haraka. Mimi naona ndilo moyo wa habari yote, kwa sababu hapo polisi na muuaji wa kukodiwa hawatofautiki tena hata kwa sare.

Plaça de Goya kuna sanamu ya kumbukumbu ya wakili Francesc Layret. Alikuwa mlemavu wa miguu tangu utotoni, akitembea kwa magongo. Tarehe 30 Novemba 1920 alitoka nyumbani kwenda kuwaombea wenzake waliokamatwa, Seguí na Lluís Companys wakiwamo, na akapigwa risasi mlangoni pake. Mtu wa magongo. Binti wa shangazi aliomba tukae kidogo kwenye benchi, ingawa lilikuwa limelowa.

Jioni tuliingia Raval. Vinyozi wa Kipakistani, maduka ya simu, harufu ya bizari ya kwetu kabisa, na katikati ya mitende ya Rambla del Raval, paka mkubwa wa shaba wa mchongaji Botero ambaye watoto humkwea mgongoni. Mtaa wa Cadena haupo tena. Ulibomolewa kupisha barabara hii pana. Lakini Sant Rafael upo, na pale ilipokuwa kona yao ndipo Seguí alipopigwa risasi, 10 Machi 1923. Mwenzake Francesc Comes alijeruhiwa pamoja naye, akafa siku chache baadaye. Miezi sita na siku chache baadaye, Septemba, Jenerali Primo de Rivera akapindua serikali kutoka mji huuhuu.

Ukifuata Sant Rafael kwa dakika chache unatokea uwanja mdogo wenye jina lake, Plaça de Salvador Seguí. Upande mmoja ni Filmoteca de Catalunya, nyumba ya kuhifadhi na kuonyesha filamu, iliyofunguliwa hapo 2012. Nilikuja kwa sababu ya filamu, na filamu zinaonyeshwa uwanjani kwake. Nilikipiga picha kibao cha jina, nikamtumia baba Mombasa.

Simu ililia papo hapo.

"Huyo nani?"

"Kiongozi wa mgomo, baba. Walimuua."

"Alikuwa na kazi gani?"

"Mpaka rangi."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia nyuma yake redio na mlio wa sufuria. "Babu yako naye alipaka rangi meli kabla hajawa kuli," akasema. "Hukuwa unajua?"

Sikuwa najua. Nikahamia chini ya kibaraza cha Filmoteca, mahali pasipo na mvua, nikamwambia aanze mwanzo.