Siku moja maishani mwangu: najifunza kutengeneza ngozi ya kuandikia, Addis Ababa

Saa kumi na mbili asubuhi. Addis iko juu, kama mita 2,400 hivi, kwa hivyo baridi ya asubuhi inauma vidole kweli, najifunga gabi, shuka nzito ya pamba ya huku, juu ya koti ndio natoka. Raha moja ya huku ni saa, Waethiopia wanahesabu kama sisi tu, jua likichomoza ndio saa zinaanza, mtu akikuambia njoo saa moja hakuna cha kujumlisha sita wala kutoa sita.

Saa moja niko kwa mwalimu wangu, chini ya mlima Entoto. Namwita Gashe, ndivyo mzee anavyoitwa huku kwa heshima. Mimi nimetoka kwa viatu na mikoba ya ngozi, Kariokor, Nairobi, na nilidhani ngozi naijua, lakini ngozi yetu sisi huja ikiwa imeshatiwa dawa kiwandani. Hii ya kuandikia, wenyewe wanaiita brana, haitiwi dawa yoyote. Ulaya huwa wanailoweka kwenye chokaa ndio manyoya yatoke, hapa ni maji matupu siku kadhaa, manyoya yanangoja mwisho. Harufu ya hilo pipa sitaielezea, ila ukishainama mara ya kwanza pua inazoea.

Saa mbili tunawamba. Hapa ndipo kazi yote ilipo na ningependa watu waelewe. Unatoboa vipasuo vidogo ukingoni mwa ngozi kuzunguka pande zote, kila kipasuo unapitisha kijiti kifupi, kamba inashika kijiti halafu inafungwa kwa fremu ya mbao. Unavuta kidogo huku, unaenda upande wa pili unavuta kidogo, unarudi, hadi ukiipiga kwa kidole itoe sauti. Ukivuta upande mmoja tu inapinda na haitanyooka tena. Nilichokuja kuelewa ni kwamba hiyo kuvutwa ndiyo inayoifanya iwe ya kuandikia: nyuzi za ndani ya ngozi zinalala chini zikiwa zimenyooshwa, zinakaukia hapohapo, basi inakuwa nyembamba, ngumu na nyeupe. Ngozi hiyohiyo ukiiacha ikauke bila fremu unapata kitu cha kujikunja na kukakamaa, hata kalamu haipiti.

Na jeraha dogo la mbuzi, labda mwiba, labda kisu cha mchinjaji, ukivuta linafunguka linakuwa tundu la mviringo. Gashe akiliona mapema ngozi ikiwa mbichi analishona kwa uzi mwembamba. Mengine yanaachwa tu, mwandishi ataruka na maneno yake yazunguke tundu, ukifungua vitabu vya zamani vya kanisa hayo matundu unayaona.

Saa tatu hadi karibu saa sita ni kuparua upande wa nyama. Kisu chake kimepinda kama mwezi mchanga, unakisukuma kutoka juu kwenda chini, utando na mafuta yanatoka kama vipande vya karatasi iliyolowa. Kisha unamwagia maji unasugua na lile jiwe jepesi la volkano lenye matundu, lile watu wanasugulia visigino. Mabega yanawaka moto lakini jameni ile dakika rangi inabadilika kutoka kijivu kuwa nyeupe, mimi siichoki.

Saa sita fremu zinaegemezwa juani, manyoya bado yako upande wa nyuma. Leo ni Jumatano, siku ya kufunga, Gashe hali kitu mpaka saa tisa na mimi nimeamua kumsubiri. Tunakaa kivulini ananihadithia Injili za Garima, vitabu vya kale vya Injili vilivyoandikwa kwa mkono, ziko kwenye monasteri karibu na Adwa kule Tigray. Ni ngozi ya mbuzi, na vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya mwaka 390 na 660 hivi. Fikiria, rangi za picha bado zinang'aa! Karatasi gani ya kwetu itafika huko?

Saa tisa, injera, ule mkate mwembamba wa teff, na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, tunakula sahani moja.

Baadaye tunarudi kwa ngozi za jana zilizokauka. Sasa ndio manyoya yanatolewa, kwa tezo ndogo yenye makali sana, unakwangua kwa mkono mwepesi maana ukizidisha unapenya hadi upande wa pili. Unasugua tena kwa jiwe, halafu unakata kurasa ikiwa bado fremuni. Mbuzi mmoja hatoi kurasa nyingi, kwa hivyo kitabu kikubwa kinakula kundi zima la mbuzi. Mistari haichorwi kwa wino, unapima kwa matundu madogo pembeni kisha unakwaruza kwa ncha butu, kama nilivyozoea kuweka alama kwa maharazi, ile sindano nene ya fundi viatu, kule Kariokor.

Saa kumi na moja anapita mwandishi, anaandika Zaburi kwa Kige'ez, lugha ya kale ya kanisa la huku, kalamu ya tete, wino mweusi wa masizi na mwekundu wa majina matakatifu. Anapitisha kidole gumba polepole kwenye kila kurasa, anaweka nukta ya wino pembeni anatazama. Kukiwa na mafuta wino unakataa kushika. Amechukua kurasa zote isipokuwa moja ya upande wa shingo, huko ngozi ni nene na mafuta hukaa ndani, hiyo tutaisugua kesho kabla ya kuwamba nyingine.